Mwaka Tuliowaalika Mama Zetu

Rukia amekufa, na habari ya kifo chake nimeipata kwenye simu, katikati ya mtu anayeuza mashuka na mwengine anayempongeza mjukuu wake kwa kumaliza skuli ya maandalizi. Ni kundi letu la wanafunzi wa zamani lililoileta: innaa lillaahi, jina lake, maziko baada ya sala ya alasiri, na chini yake safu ndefu ya vile vijipicha vya mikono inayoomba dua. Hakuna aliyebisha mlangoni kwangu. Hakuna aliyeniambia, "Bi Saumu, kaa kitako kwanza." Nilikuwa jikoni napepeta mchele, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, nikaisoma nimesimama, na kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa kilio. Zilikuwa hasira. Kama kuna mtu katika mji huu ambaye habari yake ilistahiki kubebwa kwa miguu, mlango kwa mlango, basi alikuwa yeye. Kilio kilikuja baadaye, na mchele ule haukupikwa siku ile.

Hitma ya kumuombea ilisomwa Mbweni, nyumbani kwa mwanawe, nyumba mpya yenye vigae vya kuteleza na feni inayozunguka bila kupuliza. Tukagaiwa majuzuu, tukasoma, dua ikaombwa, kisha ikaletwa chai na mikate ya ufuta. Pembeni yangu alikaa binti mmoja mwenye adabu zake, shikamoo bi, marahaba mwanangu, akanimiminia chai kabla ya kujimiminia yeye. Nikaja kujua kuwa ni mwalimu, tena anasomesha katika skuli ile ile ya Mji Mkongwe tuliyosoma mimi na Rukia. Alikuwa akimlalamikia mwenzake. "Wazazi wa siku hizi, hasa hawa kina mama, hawajali. Kila Jumatatu tunatia habari za skuli kwenye kundi. Mitihani lini, michezo lini, Siku ya Wazazi lini. Wanasoma, wananyamaza. Siku ikifika, viti vitupu." Nikaweka kikombe chini. "Mmewaalika?" nikamuuliza. "Tumewatumia, bi. Tena na picha." "Sikukuuliza kama mmewatumia. Mmewaalika?" Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa bibi asiyejua simu. Simu naijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ile kauli, hawajali, bado inaishi pale skulini, imelelewa na kunenepeshwa miaka yote hii.

Nani alinizaa na tulikaa nyumba gani sitaeleza. Wanaonijua wanajua, na wasionijua haitawafaa kitu. Mwaka ninaoutaka ni ule wa mwisho wa skuli ya kati, tulipokuwa tunangojea mtihani wa kutupeleka mbele au kuturudisha jikoni. Skuli yetu ilikuwa nyumba kongwe ya mawe, yenye ngazi za mbao zilizolia kila aliyepanda, hata paka. Chini, mlangoni, palitundikwa ubao mweusi ulioandikwa juu kwa rangi nyeupe HABARI ZA SKULI. Mimi ndiye niliyekuwa nikiujaza kila Jumatatu, kwa sababu hati yangu ilikuwa nzuri na kwa sababu nilikuwa mrefu. Nikiandika maulidi ya skuli, siku ya usafi, mchezo wa mpira wa pete na skuli ya jirani, nani kapatikana na chawa asije mpaka anyolewe (hilo halikuandikwa jina, lakini sote tulimjua). Yale yaliyokuwa makubwa zaidi yalipigwa chapa ofisini, yakarudufiwa kwa ile mashine iliyopaka watu wino mpaka viwikoni, kisha tukapewa karatasi tukazipeleke nyumbani.

Juu kabisa palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea kichochoroni. Kila siku baada ya adhuhuri, wenzetu wakishaondoka, sisi wasichana wa darasa la mtihani tulibaki pale na Bi Zeyana, akitusomesha hisabati. Wavulana walikuwa na njia zao. Wakienda jioni kwenye baraza za walimu, wakisoma mpaka ishaa, na hakuna aliyewauliza walikuwa wapi. Sisi jioni hatukutoka. Chumba kile, saa zile za jua kali, ndiyo iliyokuwa njia yetu pekee. Tukila mihogo ya kuchoma na pilipili aliyokuja nayo Rukia ndani ya kanga, vidole vikinuka ndimu, na Bi Zeyana akifunga mlango ili kelele za kichochoroni zisiingie, tukimsikiliza. Hakuwa mpole. "Saumu, unaandika vizuri upuuzi," aliniambia siku moja, na mpaka leo nikiandika kitu kwa madaha namsikia.

Mwalimu Mkuu alikitaka kile chumba. Skuli ilikuwa imepata viti vipya vya wageni, vya chuma na kitambaa chekundu, na alitaka mahali pa kuviweka visiharibike. Sicheki. Viti vya wageni wasiokuja vilitaka chumba, na watoto waliokuwepo watoke. Asubuhi moja ya mstarini akasimama, akakunja mikono nyuma. "Kila mara naita mikutano. Baba wawili watatu wanakuja, mama hata mmoja. Mama zenu hawajali. Ikiwa mzazi hajali, mie nijali kwa niaba ya nani? Siku ya Wazazi inakuja. Wazazi wa wasichana wakija, wakasema wanalitaka darasa hili, litabaki. Wasipokuja, chumba kinafungwa." Nikaambiwa niiandike Siku ya Wazazi ubaoni. Niliiandika kwa herufi kubwa, na chaki ikanivunjikia mkononi kwa jinsi nilivyoikandamiza. Karatasi nazo zikatoka, tukazibeba.

Yangu niliiweka juu ya meza ya ukumbini, mahali ambapo isingekosa kuonekana, na haikukosa. Alasiri ile walikuja shoga zake mama kunywa chai, wakakaa kwenye busati, viatu mlangoni, na mimi nikawa chumba cha pili nakunja nguo. Mkate wa kumimina ulikuwa umekatwa, niliisikia sahani ikizungushwa. Kisha nikasikia karatasi. Bi Hidaya, aliyekuwa na sauti ya kusikika nyumba ya tatu, akaisoma kwa kuivuta: "Mzazi au Mlezi. Unatakiwa kufika bila ya kukosa." Akaipiga kofi ile karatasi. "Mzazi au mlezi! Jina langu halijui huyu? Na hili unatakiwa, natakiwa kwa kosa gani?" Mwengine akasema, "Mie yangu nshafungia kashata." Wakacheka. Mama, ambaye hakuwa msemaji, akasema taratibu, "Watu wenyewe hawajatualika. Mtu unakwendaje pahala hujaalikwa?" Na wote, wale wale waliokuwa wakicheka, wakasema ni kweli. Niliganda na shuka mkononi. Wallahi, nilitaka kutoka nikapige kelele, si kwao, kwa Mwalimu Mkuu. Wanawake wale walijua mtoto gani yuko darasa gani na kapata ngapi. Walitupatia mihogo ya kula, walitufulia sare usiku zikakauka asubuhi. Walikuwa wakingoja kualikwa tu.

Mtu asiye wa kwetu huenda asinielewe. Kwetu mtu haendi shughulini kwa kusikia kuwa ipo. Anaalikwa. Mualikaji anapita mtaa mzima, hodi mlangoni, anasimama, haketi, anataja mwenye shughuli, siku na pahala, na anangoja aitikiwe. Nyumba moja ikirukwa, ni ugomvi wa miaka. Na ukialikwa usipokwenda, aibu ni yako. Rukia alilijua hilo kuliko sote, kwa sababu shangazi yake ndiye aliyekuwa mualikaji wa mtaa, na Rukia alikuwa akifuatana naye tangu hajaota meno ya utu uzima. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na hisabati zilimpa taabu kweli kweli. Nilipomsimulia niliyoyasikia, alikuwa anamenya chungwa. Akalimenya mpaka mwisho, ganda moja bila kukatika. "Basi tuwaalike," akasema. "Nani atuachie tuwaalike?" nikamuuliza. "Na nani kasema tutaomba?"

Tulikwenda baada ya darasa, buibui juu ya sare, kwa siku kadhaa, mpaka nyumba zikaisha. Rukia akisema, mimi nikiitikia salamu na kubeba aibu. "Assalaam alaykum. Mnasalimiwa, na mnaalikwa Jumamosi asubuhi, skulini, kwenye shughuli ya watoto wa kike. Msikose." Basi, hakuongeza neno. Aliniambia ukieleza sana watu wanadhani unawabembeleza. Milango ikafunguka. Wapo waliotutazama kuanzia viatu mpaka kichwani, wapo waliotutilia asumini mkononi. Bi Hidaya alijaza mlango wake wote. "Mualikaji namjua, shangazi yako. Nyie mmetumwa na nani? Mwenye shughuli nani?" Hapo nikajua tumekwisha. Hakuna mwaliko usio na mwenyewe. Rukia hakutikisika. "Mwenye shughuli sisi," akasema. Bi Hidaya akatafuna tambuu yake, akameza. "Haya. Tumeitikia."

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Nikashika kitasa kuingia, Rukia akanivuta. "Unakwenda wapi? Mamako naye haalikwi?" Nikabisha hodi mlangoni kwetu wenyewe, na mama akafungua, akaniona, akaanza kucheka. Kisha akaona uso wa Rukia. Akaacha kucheka, akavuta kanga yake akajifunika vizuri, akasimama wima. "Karibuni," akasema, kwa sauti aliyoiweka kwa ajili ya wageni. Rukia akayasema yote, hakuruka neno. Mama akaitikia. Halafu akafunga mlango, na mimi nikabaki nje, na ilinibidi nibishe tena ili niingie nikale.

Jumamosi ile Mwalimu Mkuu aliamuru viteremshwe viti vya kutosha baba wachache, vyengine akaviacha vimepangwa kule juu, chumbani kwetu, tayari kwa maisha yao mapya. Baba wakaja, wakakaa. Kisha kichochoro kikaanza kunukia udi. Nahadithia hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, tulinusa kabla ya kuona. Wakaja kina mama, wanne wanne, sita sita, mabuibui mazuri, wanja, vikuba, vile vishada vya asumini, kifuani, watoto wachanga mikononi. Wakajaza ukumbi, wakajaza uwanja, wakakaa mpaka ngazini. Bi Hidaya alikuja na sufuria yenye kifuniko, na nilipoiona sufuria ile ndipo nilipolijua kosa letu. Alikuja nayo kumchukulia chakula mumewe aliyebaki nyumbani. Tuliwaalika shughuli, na shughuli ina chakula. Rukia, aliyejua kila neno la kualika, alikuwa hajawahi kuwa mwenye shughuli hata siku moja, na jambo hilo halikutupitia akilini, si mimi si yeye.

Mwalimu Mkuu alishika meza kama anayeogopa itachukuliwa. "Leo mmekuja," akasema. "Tumealikwa," akajibiwa na watu wengi. "Na zile karatasi zangu zote?" Bi Hidaya akasema, "Karatasi zilituita kama za mahakama, Mwalimu. Hatuna kesi na wewe." Baba mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu Mkuu akamgeukia Bi Zeyana. "Ni wewe uliyefanya haya?" Bi Zeyana akasema hajui lolote, na kweli hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na Rukia akatoka mbele. Nikamfuata. Sijui nilitembeaje, lakini nilimfuata. "Nani aliyekutumeni?" akauliza Mwalimu Mkuu. "Mwenye shughuli hapa ni mimi!" Rukia akasema, "Hakututuma mtu. Mwenye shughuli sisi."

Bi Hidaya akainua sufuria yake juu. "Haya wenye shughuli, na chakula kiko wapi?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Lakini ndani ya kicheko kile nikaisikia sauti ya mama. Sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume wasio wake. "Chakula tutapika wenyewe," akasema. "Sie tumekijia chumba cha watoto, wametuhadithia. Kiko wapi?" Mwalimu Mkuu akasema chumba kina viti, na mkutano hautaendelea watu wakiwa wamekaa chini namna hii, haipendezi. "Basi viko viti," akasema mama, "na sie wageni." Akaanza kupanda ngazi. Zikalia. Bi Hidaya akamfuata, na wengine nyuma yao, na wakateremka kila mmoja na kiti chake chekundu, wakavipanga uwanjani, wakavikalia, wakakunja mabuibui yao magotini. Nani angewazuia? Viti vya wageni, na wageni ndio hao. Ikaulizwa kama wanalitaka darasa la Bi Zeyana, na sauti iliyojibu ilimtoa muuza kahawa kichochoroni aje kuchungulia.

Chumba kilibaki chetu. Viti vikawekwa chini ya ngazi, na kitambaa chao kikafifia, sikukihuzunikia. Mimi na Rukia tukaadhibiwa kwa kutumia jina la skuli bila ya idhini: kufagia uwanja kila asubuhi mpaka siku ya mtihani, na mimi nikavuliwa ubao. Tulifagia. Rukia alifagia akiimba, kwa makusudi, chini ya dirisha la ofisi. Mtihani ukaja, mimi nikapita na Rukia hakupita. Watu hupenda hadithi zinazowalipa waliostahiki, na mimi ningependa hii iwe hivyo, lakini siwezi kumpa alama ambazo hakupewa. Nilimwendea nikilia. Alikuwa amekaa barazani kwao, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyefeli. "Wee, nyamaza," akaniambia. "Mie nimefeli hisabati, sikufeli watu. Nenda ukasome, ukirudi nihadithie." Nilikwenda, na nikirudi nilimuhadithia. Yeye akashika kazi ya shangazi yake. Aliualika mtaa kwenye harusi yangu, na harusi za wanangu, na alipohamia kwa mwanawe Mbweni bado alikuwa akija mjini kubisha hodi, mpaka magoti yakamkatalia.

Sasa watu wananiambia zama zimebadilika. Wenyeji wengi wa mtaa wetu wamehamia Mwanakwerekwe na kwengineko, nyumba zao zimekuwa hoteli, na watoto wanateremshwa skulini na pikipiki kutoka mbali. Nani atapita milango yote hiyo? Nayasikia. Lakini sikubali kuwa mama aliyekaa kimya kwenye simu hajali. Nilishawahi kusikia kimya hicho kutoka chumba cha pili, na kilikuwa kimejaa maneno. Pale Mbweni, chai yangu ikiwa imeshapoa, nilimuuliza yule binti mwalimu Siku ya Wazazi yao ni lini. Akaniambia. Nikamuuliza wazazi wa wasichana wake wa darasa la mtihani wanakaa wapi, akanitajia mitaa, kwa mashaka, mmoja mmoja. Akasema, "Lakini bi, lazima kwanza nimuulize Mwalimu Mkuu." Nikamwambia amuulize tu. Mimi simngoji.

Nimeanza leo, Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, kabla jua halijapanda. Nimevaa buibui langu zuri na nimetia udi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, na nyuma yake redio ikiimba. Nilibisha hodi, nikasimama kama nilivyofundishwa, sikuegemea. Akatoka mwanamke kijana, mikono ina povu la sabuni, kanga kaifunga kifuani, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Nikamsalimu. Nikamwambia anaalikwa, siku na pahala, shughuli ya watoto wa kike, na asikose. Sikuongeza neno. Akafuta mikono yake taratibu kwenye kanga, akajifunika mabega, na nikaona anasimama wima.

"Karibu, bi," akasema. "Na mwenye shughuli nani?"

Nilikuwa peke yangu pale mlangoni.

"Sisi," nikasema.